Mchicha Umerudishwa

Mchicha umerudishwa. Tena haukurudi kama ulivyotoka kwangu, fungu zima na mizizi yake. Umerudi umeshachambuliwa, umeoshwa na kukatwakatwa, ndani ya bakuli langu mwenyewe lililofunikwa kawa. Mjukuu wa bibi wa nyumba ya pili alisimama mlangoni akitazama vidole vyake vya miguu, akasema, "Bibi anasema ahsante, leo tunakula dagaa."

Maana yake bibi alikuwa ameshafika kwenye kubandika sufuria ndipo habari zikamfikia. Alizipata kwa mwanangu wa darasa la kwanza. Mtoto alitumwa chumvi dukani, akamkuta bibi barazani na kisu na ungo, akampa shikamoo kwa adabu zote tulizomfunza. Bibi akamuuliza mbona mchicha wenu unanawiri hivi na wa wenzenu umedumaa. Akaeleza. Alieleza kwamba asubuhi baba anawapanga yeye na mdogo wake kwa zamu mbele ya kopo. Kwamba mkojo wa shuleni ni hasara, ukiweza kujizuia njoo nao nyumbani (huo ni uongo, nilisema tu kwamba ingependeza). Kwamba nyuma ya nyumba kuna madumu ya njano, kwamba kikombe kimoja cha dumu kinataka vikombe kumi vya maji, na kwamba unamwagia kwenye udongo, si kwenye majani. Mwalimu wake analalamika kila muhula kuwa mtoto huyu hawezi kusimulia jambo kwa mpangilio. Kisha, kwa kuwa hakulelewa kumwacha mkubwa hivi hivi, akamkaribisha: "Na wewe bibi njoo ukojoe kwetu. Baba atafurahi."

Baraza lilikuwa limejaa.

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejikumbusha ni lini ulikula mboga yangu, na pamoja na nini. Mwenye genge la kona, ambaye siku zote ananituhumu kumharibia biashara kwa mchicha wa bure, alinisalimia kwa uchangamfu ambao sijawahi kuuona kwake, akaniuliza kama watoto hawajambo. Wote wawili, alisisitiza.

Naomba nieleze, kwa kuwa barazani sikupewa nafasi.

Ukila maharage, au dagaa, au chochote chenye protini, mwili huchukua unachohitaji na kubaki na naitrojeni ya ziada. Naitrojeni hiyo hugeuka amonia, na amonia ni sumu, kwa hiyo ini huifunga haraka iwe urea, figo zikaitoa pamoja na maji, nawe ukasimama nyuma ya mti ukidhani shughuli imekwisha. Ulichokimwaga pale ndicho kinachouzwa duka la pembejeo katika mifuko ya kilo 50, punje nyeupe, na jina limeandikwa mbele kwa herufi kubwa: UREA. Kemia haitofautishi hata kidogo. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara, akamwandikia mwalimu wake Berzelius kwa majivuno kwamba amepata urea bila figo, ya mtu wala ya mbwa. Wanakemia wakashangilia. Mimi namsikitikia: mtu mwenye figo zake mbili anahangaika na machupa.

Karne iliyofuata Fritz Haber na Carl Bosch wakagundua namna ya kuilazimisha naitrojeni ya hewani iungane na haidrojeni kwa joto kali na mgandamizo wa kutisha, na mwaka 1913 kiwanda kikaanza kazi huko Oppau. Siku hizi dunia inateketeza gesi asilia kwa wingi usiosemeka ili ipate kile ambacho mwanangu anakipata kwa kikombe cha uji wa karanga. Ndiyo maana bei ya gesi ilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, mbolea ilipanda nayo, mpaka serikali ikaweka ruzuku. Ruzuku ni ya wakulima walioandikishwa. Matuta nyuma ya nyumba ya kupanga Tabata hayamo katika daftari la mtu.

Haya niliyasoma katika kitabu nilichokinunua kwenye vitabu vinavyotandazwa chini, Posta, kikiwa hakina jalada wala sura ya kwanza, jambo lililoniwezesha kubishana bei. Humo pia ndimo nilimokutana na Hennig Brand wa Hamburg. Yeye mwaka 1669 alikusanya mkojo kwa mapipa, akauacha uoze, akauchemsha mpaka ukawa uji mzito, akauchoma, akitegemea kupata dhahabu. Alichopata ni kitu kinachong'aa gizani: fosforasi. Nilimsimulia mke wangu kisa hiki usiku mmoja umeme ulipokatika, nikidhani kitamlainisha. Aliuliza swali moja tu: gharama za majaribio alitoa nani? Ikabidi niseme ukweli, kwamba Brand alitumia mali ya mkewe.

Mama watoto ana masharti yake na ninayaheshimu. Dumu lisivuke kizingiti cha jikoni. Faneli, ambayo ni chupa ya maji iliyokatwa kitako, isifanane na kitu chochote tunachokitumia kwa chakula. Na mama yake asijue, sasa wala baadaye, kwa sababu mama mkwe akija hubeba mchicha wetu mfuko mzima na kuusifu njia nzima hadi Morogoro.

Nirudi kwenye harufu, maana ndiyo watu wanayoikimbilia. Mkojo uliotoka sasa hivi haunuki kitu cha kusema. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaoivunja urea na kuirudisha kuwa amonia, ikapaa. Harufu ya uchochoroni basi ni mbolea inayopaa bure. Kila mnapoziba pua pale mnapitia mfuko uliotoboka. Ukiufunga mkojo kwenye dumu, amonia inakosa pa kwenda, inabaki na kuugeuza mkojo kuwa mkali mithili ya magadi, na ukali huo unawaua vijidudu. Yaani unavyokaa ndivyo unavyojisafisha! Nilipoisoma sehemu hiyo niliweka kitabu chini nikatembea chumbani. Ni mambo machache katika nyumba ya watoto wadogo yanayojisafisha yenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2006. Mkojo wa familia kwa bustani ya familia hiyo hiyo hauhitaji kuhifadhiwa. Mboga zikitoka nje ya familia, uhifadhiwe kwanza. Ukikaa miezi sita kwenye joto la nyuzi 20 au zaidi, unafaa kwa mazao ya aina zote. Dar es Salaam nyuzi 20 ni baridi ya kuvaa sweta. Basi nilikuwa na dumu letu, na nilikuwa na dumu la majirani, lenye alama ya chaki, lililokaa mpaka likapita kiwango, na tuta la majirani nilikuwa nalimwagia kabla ya kupanda mbegu, kwa sababu mchicha hukomaa upesi na mwongozo unataka mwezi mzima kati ya kumwagia na kuvuna. Bibi alikula mboga ya daraja la juu kuliko wanangu. Ningempelekea ujumbe huo, lakini mke wangu ananiuliza ninadhani utasaidia vipi.

Nilikwenda kwa ustadhi, kwa kuwa hoja nzito ya bibi ilikuwa najisi, na hoja hiyo haijibiwi kwa Wöhler. Alinisikiliza kwa upole. Akaniambia kwamba wanazuoni wengi, na wa madhehebu ya Shafi tuliyonayo pwani ni miongoni mwao, hawauharamishi mmea kwa sababu ya mbolea yake, maana kilichokuwa najisi kimeshageuka mmea. Nikamshukuru, nikamwambia basi kesho nitamletea fungu. Akasema hapana, tusisumbuane.

Sawa. Lakini mboga anayokula sasa bibi, baada ya kuikataa yangu, inatoka genge la kona, na mwenye genge hununua bondeni, matuta ya kando ya Msimbazi. Sote tunaujua mto ule. Tunapita juu yake tumefunga madirisha ya daladala. Unapokea vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha, unapokea viwanda, gereji na machinjio, kisha wakulima wanachota humo kwa ndoo na kumwagilia. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za kando ya Msimbazi na Sinza. Watafiti walipima risasi, kadimi, shaba na zinki ndani ya majani. Hakuna aliyemrudishia mwenye genge bakuli. Mkojo wa mji mzima usio na mwenyewe unalika. Wa watoto wawili ninaowajua, waliokula ugali na maharage mbele ya macho yangu, unatia kichefuchefu.

Na hapo ndipo ninapoacha kucheka. Sisi mtaa huu hatuna bomba la majitaka. Tuna mashimo. Tunanunua maji kwa dumu, tunayamwaga chooni yasukume naitrojeni shimoni, shimo likijaa tunachangishana kuita gari la kunyonya, na siku hiyo mwenye nyumba huwa safarini. Gari linaondoka na mbolea yetu, tena tumelipia usafiri. Kisha mtu huyo huyo anakwenda duka la pembejeo kununua urea iliyovuka bahari ili anyunyizie mahindi yake ya Kibaha. Amelipa mara tatu kwa kitu alichozaliwa nacho, halafu mimi ndiye bahili wa mtaa. Hata fosfati ya Minjingu, fahari yetu ya Manyara, imetokana kwa sehemu kubwa na vinyesi na mifupa ya ndege, minandi waliojazana kwenye ziwa la kale. Mnandi akijisaidia anaitwa rasilimali ya taifa.

Mambo mengine ya bustani yanakwenda kawaida. Mpapai niliouhudumia tangu mche umetoa maua: dume. Nyanya zimeliwa na kuku wa mwenye nyumba, ambaye naye baadaye hakutuletea hata yai. Mdogo amepanda kurasa mbili za kitabu cha sungura kwenye tuta la bamia, na anazimwagilia.

Lakini mkubwa ameanza kuitwa Dumu huko shuleni. Nilijiandaa kwa mazungumzo mazito ya baba na mwana, nikamkalisha chini, nikamuuliza anajisikiaje. Alikuwa na swali lake. Kama mbolea ya dukani inauzwa, na yetu ni ile ile, yake analipwa nini? Nikamwambia analipwa mchicha. Akasema mchicha hata mdogo wake anakula, na yeye anajaza kikombe nusu.

Amegoma. Anataka kitabu kwa kila dumu, na hataki kitabu cha Posta chini. Nyumbani kwetu vitabu vyote vina mwanzo au vina mwisho, mara chache vyote viwili; hadithi ya fisi tumeisoma hadi pale fisi anapoingia kisimani, na tangu mwaka jana kila usiku inabidi nimtoe kwa njia mpya. Sasa anataka kujua alitokaje hasa. Anataka kitabu cha dukani, kizima, chenye jina lake ukurasa wa mbele. Nilikwenda kuulizia. Kitabu cha watoto cha Kiswahili, kurasa 24, picha za rangi, bei yake ni unga wetu wa siku kadhaa. Muuzaji alinieleza kwamba vinachapwa vichache kwa sababu watu hawanunui, na nilipomuuliza kama watu hawanunui kwa sababu ya bei, alikubali kwamba hilo nalo lipo. Nilikishika muda mrefu. Kilinukia gundi. Nilisoma nusu nikiwa nimesimama, nikijipa matumaini kwamba naweza kukariri kilichobaki, mpaka akaja kusimama karibu nami akipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Tukaelewana na mkubwa: dumu moja la lita 20, kitabu kimoja. Nilipiga hesabu nikaona bado ni nafuu kuliko mfuko, na kwamba lita hizo zitanipa muda wa kukusanya fedha. Sikujua mtoto mdogo anaweza kunywa maji kiasi kile. Anakunywa kabla ya shule, anakunywa akirudi, ameanza kumwajiri na mdogo wake kwa malipo ya pipi moja. Dumu limejaa kabla ya mwisho wa mwezi, na jana nilipolifungua kupima, halikuwa na rangi wala harufu ya chochote. Nimelionja kwa kidole kabla ya kufikiri. Ni maji ya kisima.