Jinsi ya Kuisingizia Jeni

Sogea karibu, mtafiti mwenzangu. Unataka jina, tena upesi. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme, Borrelia burgdorferi, atakupa. Fuata hatua hizi.

1. Chagua jeni moja, iharibu, kisha mdunge panya bakteria huyo. Panya asipoambukizwa, tangaza kwamba umeipata jeni ya ugonjwa. Wapiga picha wataitwa.

2. Usihesabu plasmidi. Siri yote iko hapa. Pembeni mwa kromosomu yake, bakteria huyu hubeba vipande vingi vya DNA viitwavyo plasmidi. Aina ya B31, inayotumika sana maabara, ina 21. Akifugwa kwenye chupa kwa muda mrefu, huzipoteza moja baada ya nyingine, wala haonekani kudhoofika. Akiipoteza plasmidi iitwayo lp25 hawezi tena kumwambukiza panya, kwa kuwa humo ndimo mlimo jeni ya kimeng'enya cha kujipatia niasini. Sasa sikia utamu wake: lp25 hiyohiyo husaidia kuikata DNA ngeni. Kwa hiyo bakteria anayeipokea kwa urahisi DNA unayomtilia ili kuiharibu jeni huenda ndiye aliyekwisha kuwa butu kabla hujamgusa. Jeni yako haina kosa, lakini wewe ibebeshe.

3. Usiirudishe jeni uliyoiharibu. Wenye subira huirudisha waone kama maambukizi nayo yanarudi. Kwa njia hiyo ilithibitishwa mwaka 2004 kwamba panya haambukizwi bila protini ya OspC. Lakini bakteria huyu huchukua saa nyingi kugawanyika mara moja, na mkutano wako ni mwezi ujao.

4. Msahau kupe, msambazaji wa ugonjwa huu. Sindano inatosha. Ni kweli kwamba tumboni mwa kupe bakteria huvaa protini ya OspA, na kupe akianza kunyonya damu huanza kuivua na kuvaa OspC. Ni kweli pia kwamba chanjo ya LYMErix ilijengwa juu ya OspA, ikamuua bakteria akiwa bado ndani ya kupe. Kupe ana usumbufu.

Hatua ya tano ni kutowafikiria wagonjwa, na hiyo siwezi kukufundisha. LYMErix iliondolewa sokoni mwaka 2002. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakadiria kwamba watu wapatao 476,000 hutibiwa Lyme kila mwaka nchini Marekani. Anayewatafutia chanjo nyingine atasoma makala yako na kuiamini. Tafadhali, kabla hujaituma, rudi maabara ukahesabu plasmidi.