YAH: OMBI LA KUCHELEWA ZAIDI

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kongamano la Siku Moja la Waandika Programu,
Mkuyuni, Mwanza.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Itifaki imezingatiwa. Safari hii tunamaanisha kweli: tukishasema hivyo hatutamtaja mtu mwingine hata mmoja.

Mheshimiwa, awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu wa mwaka jana, na zaidi tunakushukuru kwa kuchelewa. Kadi ilisema saa 3:00 asubuhi. Msafara wako uliingia saa 5:40. Kamati ya maandalizi ilikaa baadaye kufanya tathmini, na muhtasari wa kikao unaonyesha kwamba kipindi kilichofana kuliko vyote siku ile ni kile cha kukusubiri. Kwa heshima na taadhima, tunakuomba mwaka huu uchelewe zaidi.

Tuna wasiwasi kwamba hukupewa taarifa ya yaliyotokea kabla hujafika, maana wasaidizi wako walikuwa na kazi nzito ya kutafuta pa kuegesha magari manne. Tuanze na hesabu. Kongamano la siku moja, Mheshimiwa, lina siku moja. Letu linaanza saa 3 asubuhi na linafungwa saa 11 jioni, wala hakuna nyongeza, kwa sababu usiku ukumbi una sendofu ya mtu na mapambo yanaanza kufungwa tukiwa bado tunachomoa chaja. Toa chai, toa chakula, toa foleni ya chakula. Kinachobaki ni kama saa sita, na katika hizo watu waliotoka Geita, Musoma na Bukoba wanatakiwa wafundishane yale ambayo mwaka mzima kila mmoja alikuwa anahangaika nayo peke yake chumbani kwake.

Wa Sengerema walifika kabla hata ya mpika chai. Zamani wangekuwa na kisingizio cha kivuko, lakini tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la Kigongo–Busisi, Ghuba ya Mwanza inavukwa kwa gari juu ya kilomita kama tatu za zege, dakika chache tu umeshafika. Wewe ulikuwa unatoka mjini. Kutoka mjini hadi Mkuyuni ni barabara moja ya Kenyatta, daladala za Nyegezi na Buhongwa zinapita mlangoni kabisa mwa ukumbi, na konda anakushusha ukimwambia tu. Hatulaumu. Tunaeleza jiografia.

Sasa, kwa kuwa ratiba isingeweza kuanza bila wewe, MC alitangaza tuwe na subira. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mistari kuelekea meza kuu. Ilipofika saa tatu na nusu watu wakaanza kuvigeuza. Saa nne ukumbi ulikuwa na vikundi vitano au sita, kila kimoja kimezunguka kompyuta mpakato, na ule ukelele wa watu wanaobishana kwa raha ulisikika hadi kwa mama wa mihogo nje.

Kikundi kimoja kilimzunguka binti aliyekuja na meli kutoka Nansio jana yake. Ametengeneza mfumo wa kurekodi dagaa mwaloni: ndoo ngapi, za nani, kanunua nani, kwa bei gani. Mialo mingi ya Ukerewe mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo simu inaandika kwanza, inatunza, halafu inatuma mtandao ukirudi. Tatizo lake lilikuwa dogo na baya. Simu inatuma rekodi, seva inaipokea, lakini kabla seva haijajibu “nimepata”, mtandao unakatika. Simu inadhani haikutuma. Inatuma tena. Mwisho wa wiki mvuvi ameonekana kuvua mara mbili ya alichovua, na mnunuzi anadaiwa ndoo ambazo hazikuwahi kupanda mtumbwini. Kila aliyewahi kununua umeme kwa simu, akakatwa hela, tokeni isije, akanunua tena, halafu tokeni zote mbili zikaingia kwa pamoja saa sita usiku, anaujua ugonjwa huu.

Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye mifumo ya malipo alimsikiliza, akavuta kiti, akamwambia: usiiachie seva kazi ya kutoa namba. Simu yenyewe itoe namba ndefu isiyojirudia kwa kila rekodi, palepale mwaloni, kabla haijatafuta mtandao. Seva ikiona namba ileile mara ya pili, isiandike tena, ijibu tu “ninayo”. Binti alinyamaza kidogo, akasema, “Ina maana ni hiyo tu?” Walikuwa wameshaanza kuiandika wakati king'ora cha pikipiki ya msafara wako kiliposikika kwenye kona.

Kuanzia hapo, Mheshimiwa, unayajua, ulikuwepo. Lakini ukiwa meza kuu kuna mambo huwezi kuyaona kwa sababu ya maua.

Viti vilirudishwa kwenye mistari. Mpiga picha wa msafara alihitaji umeme wa taa zake, akachomoa ekstensheni iliyokuwa inalisha kompyuta kumi na kitu, mbili kati yake zikiwa hazina betri kabisa na zinaishi kwa umeme wa ukutani. Ukafuata utambulisho: aliyekualika, aliyekuleta, aliyekupokea, aliyesimama kwa niaba ya ambaye hakuweza kufika, na yule aliyekuja kwa niaba ya mwakilishi. Ikafuata ngoma. Hapa kosa ni letu. Katibu wetu, mtu wa kizazi cha barua, aliona kwenye ratiba kwamba asubuhi kuna mada ya Python, akaenda mwenyewe kutafuta kikundi cha Wasukuma wanaocheza na chatu. Tukiri kwamba chatu alifanya vizuri kuliko wasemaji wote waliofuata, na hakuzidisha muda.

Tukasoma risala. Risala ilikuwa na changamoto saba, imewekwa kwenye fremu ya kioo yenye utepe. Ukaipokea kwa mikono miwili, picha ikapigwa, ukasema umezichukua changamoto zetu zote na utazifikisha kunakohusika. Fremu uliisahau mezani. Tunayo, na hatujaisafisha vumbi ili uione ilivyo.

Kisha hotuba. Uliwapongeza washiriki kwa “mafunzo ya kompyuta”. Ulitutaka tuchangamkie fursa. Ulitukumbusha kwamba dunia ni kijiji, kwamba intaneti ndiyo barabara ya uchumi wa sasa, na kwamba tusiitumie kutukana watu. Ulipofika kwenye aya ya vijana kuacha kusubiri ajira na kujiajiri wenyewe, binti wa Nansio, ambaye mada yake ilipangwa saa 5 kamili, alikuwa anafunga begi. Meli ya mchana haifuati ratiba yetu. Aliondoka na bodaboda kwenda bandarini bila kusimama mbele ya mtu. Ulipomaliza tulikwenda kwenye picha ya pamoja, halafu kwenye mabanda, ambako mkuu wa msafara aliuliza kama kuna kijana anayeweza kumsaidia simu yake imejaa. Alisaidiwa. Zilikuwa picha za makongamano.

Bahasha za nauli kwa msafara uliokuja na magari ya ofisi tutazizungumza siku nyingine. Itoshe kusema zilizidi kodi ya ukumbi.

Mheshimiwa, usidhani kukaa bila meza kuu ni utundu tulioubuni Mkuyuni. Mwezi Agosti 2005, huko Palo Alto, Marekani, watu wa fani hii waliandaa mkutano kwa muda usiofika wiki moja, wakauita BarCamp. Ratiba haikuchapishwa. Aliyefika aliandika ukutani anachotaka kuzungumzia, anayekitaka akaja kusikiliza, na desturi ikawa kwamba hakuna mtazamaji, kila mtu anachangia. Mtindo huo umezunguka dunia. Wenzetu ilibidi wafikirie ili waupate. Sisi tuliupata bure, kwa saa mbili na dakika arobaini, kwa sababu ya foleni yako au usingizi wako au kikao chako cha dharura, lolote lile, Mungu alibariki.

Hata mikutano mikubwa, na Tanzania imeshapokea ya aina hiyo (DjangoCon Afrika ilifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023), ina kipindi kinachopendwa kuliko vingine: mada za dakika tano. Anayetaka anajiandikisha, anapanda, anasema alichonacho. Dakika ya tano ikiisha watu wanapiga makofi, na makofi hayo si ya pongezi, ni ya kukushusha. Awe profesa, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepanda daladala kutoka Malimbe, makofi ni yaleyale. Tuliwahi kumpendekezea MC wetu utaratibu huu kwa ajili ya hotuba za ufunguzi. Aliuliza kama tuna vibali vya kuwa hai.

Kwa kuwa ulisema umezichukua changamoto zetu na fremu iko kwetu, tukukumbushe ile ya nne. Ile barabara ya uchumi wa sasa inafungwa. Mei 2024 ilikatika baharini: nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu tarehe 12, na sisi tulio mamia ya kilomita kutoka pwani tukakaa tunaangalia kiduara kinazunguka kwenye kioo. Hiyo tunamwachia Mungu na mafundi. Lakini Oktoba 2020, siku za uchaguzi, Twitter na WhatsApp zilifungwa na watu. Oktoba 2023 likatoka tangazo kwamba anayetumia VPN ajiandikishe kabla ya tarehe 30, na nusu ya ukumbi wetu hutumia VPN kuingia kwenye seva za kazini, kama mlinzi anavyotumia funguo. Mei 2025 X ikafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima, na ilianza kurudi tarehe 3 Novemba. Yaliyotokea nchini siku hizo ni makubwa kuliko barua ya kejeli, hatutayagusa hapa. Tutaje tu kwamba kijana mwenye mteja nje ya nchi alipopata mtandao alikuta ujumbe wa kwanza wa mteja ni “uko wapi?” na wa mwisho ni “tumepata mtu mwingine”.

Sisi ni watu wa kanuni, tukaandika moja na kuiweka kwenye kalenda ya kamati: mwaka ukigawanywa kwa tano usibaki kitu, na mwezi ukiwa wa 10, usipange jambo lolote linalohitaji intaneti. Mjumbe mmoja alisema kanuni haishiki Oktoba ya 2023. Mwingine akasema wala Mei ya 2025. Tumeirekebisha mara kadhaa, na kila tukiirekebisha inakua ndefu na siku za kufanyia kongamano zinapungua. Kwa sasa inaruhusu Februari.

Basi, Mheshimiwa, masharti ya mwaliko wa mwaka huu ni haya. Kadi yako itaandikwa saa 3:00 asubuhi kama desturi, ili heshima yako isiguswe. Meza kuu itakuwepo, na kitambaa, na chupa za maji zenye leso, na jina lako kwenye bango kwa herufi kubwa kuliko neno “programu”. MC atatangaza tuwe na subira. Tunakuomba, tafadhali, utuache tuwe nayo hadi saa 10 na nusu jioni. Ukihisi unawahi, pale Butimba kuna vibanda vya sato wa kukaanga, kaa ule taratibu. Ukifika utakuta viti vimegeuzwa. Usivirudishe, tafuta kilicho wazi ukae. Ukiwa na la kusema una dakika tano, na makofi umeshaelezwa maana yake. Hotuba iliyochapishwa unaweza kuiacha mlangoni, tutaipokea kwa mikono miwili na kuifikisha kunakohusika.

Binti wa Nansio tumempa nafasi ya kwanza, saa 3 na dakika 5. Mfumo wake sasa hauhesabu ndoo mara mbili. Alituma ujumbe wiki ileile kutoka mwaloni, ukafika siku mbili baadaye, mara moja tu.

Tunaomba jibu lako mapema. Usipojibu tutaelewa kwamba umekubali, na ukimtuma mwakilishi, naye pia tunamwomba achelewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe, Kamati ya Maandalizi,
Mkuyuni.

Nakala:
Mpiga picha wa msafara (aje na ekstensheni yake).
Mwenye chatu (ratiba yako haijabadilika).