Wiki ya Nywila Mpya

Jumatatu

Mtoa huduma wetu wa barua pepe ameandika kwamba kuna mtu asiyejulikana aliyejaribu kuingia kwenye akaunti ya ofisi, hivyo tubadilishe nywila leo hii. Tumeibadilisha asubuhi kupitia kivinjari. Muda si mrefu mhasibu akaniita: "Kaka, njoo uone, hii inanikatalia."

Kwenye Thunderbird kulikuwa na kidirisha kinachosema kuingia kwenye seva kumeshindikana, na chini yake vitufe vitatu: cha kujaribu tena, cha kuweka nywila mpya na cha kughairi. Dada wa watu alikuwa akibonyeza cha kujaribu tena. Kitufe hicho hupeleka nywila ileile iliyohifadhiwa, yaani ya zamani, na seva huikataa kama ilivyoikataa mwanzo. Kidirisha hakimwambii hivyo, na kingepaswa kumwambia.

Nilimfungulia kwanza barua pepe kwenye kivinjari, akaingia bila shida. Hatua hiyo hairukwi. Nywila ikikubali kwenye kivinjari, basi ni sahihi na tatizo liko kwenye programu ya kompyuta. Ikikataa na huko, programu haina kosa, iache kama ilivyo. Alipobonyeza kitufe cha kuweka nywila mpya, barua zikaanza kuingia.

Jumanne

Barua zinaingia ila hazitoki. Ankara ya mteja wa Korogwe ilikuwa bado inasubiri kutumwa tangu jana, na mzigo wake uko bandarini hapa Tanga, ambako gharama za kuhifadhi huhesabiwa kwa siku. Kila tukituma, seva inajibu kwa namba 535, maana yake imekataa kumtambua mtumaji.

Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti. Kwetu kupokea kunapita IMAP, mlango wa 993, na kutuma kunapita SMTP, mlango wa 587. Programu huhifadhi nywila ya kila upande peke yake. Nilifungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa kwenye mipangilio, nikakuta mistari miwili yenye jina lilelile la mtumiaji, mmoja unaanza na imap, mwingine na smtp. Wa imap ulikuwa na nywila mpya. Wa smtp ulikuwa bado na ya zamani. Nikaufuta huo, nikafunga programu na kuifungua upya, nikatuma. Safari hii ikauliza nywila, na ankara ikaondoka.

Mteja alipiga simu kuuliza nani atalipia siku ya jana. Swali lake ni la haki. Ofisi imekubali kulipa.

Jumatano

Hakuna anayeingia, hata waliokuwa wakipata barua vizuri jana. Kwenye kivinjari pia ukurasa haufunguki. Nikawasha data ya simu yangu, nikaingia bila tatizo. Hapo nikajua kuwa nywila ni nzima, na kilichofungiwa ni ofisi.

Seva nyingi zina ulinzi unaohesabu majaribio yaliyoshindwa kutoka anwani moja ya intaneti, na yakizidi huifungia anwani hiyo. Kompyuta na simu zote za ofisi hutoka nje kwa anwani moja, kwa hiyo kifaa kimoja chenye nywila ya zamani kinaweza kuwafungia watu wote.

Kazi ikawa kukitafuta. Simu ya karani wa bandarini ilikuwa kwenye droo, imeunganishwa na intaneti ya ofisi, inajaribu kuchukua barua kila baada ya dakika chache. Skana nayo hutuma nyaraka kwa akaunti hiyohiyo, na hakuna aliyeikumbuka kwa sababu haina mtu anayeiita yake. Nikaweka nywila mpya kwenye vyote viwili, ndipo nikamwomba mtoa huduma atufungulie. Tungeanza kwa kufunguliwa kabla ya kukipata kifaa, tungefungiwa tena siku hiyohiyo.

Alhamisi

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu tazama hii paswedi, mimi naiandika vizuri kabisa."

Na kweli aliiandika vizuri. Mkurugenzi alisikia habari ya Jumatatu, naye akabadilisha nywila ya Gmail yake binafsi, ambayo huisoma kwenye Outlook ya zamani. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu akaunti binafsi kuingia kwenye programu za namna hiyo kwa nywila ya kawaida. Programu isiyoweza kufungua ukurasa wa Google wa kuingilia huhitaji nywila yake maalumu ya herufi 16, inayopatikana baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Mzee alikuwa nayo. Lakini ukibadilisha nywila kuu, Google hufuta nywila zote za programu ulizowahi kutengeneza, na Outlook haisemi lolote zaidi ya kuuliza upya.

Namba ya uthibitisho ilikuwa inakuja kwenye simu yake, na simu ilikuwa imeisha chaji. Tukasubiri. Ilipowaka tukatengeneza nywila nyingine ya programu, nikaiweka upande wa kupokea na upande wa kutuma.

Ijumaa

Kompyuta ya bohari inakataa nywila mpya. Sehemu ya kuandikia huonyesha vitone tu, kwa hiyo nilimwomba mtunza bohari aiandike kwanza kwenye Notepad. Herufi zilitokea, tarakimu hazikutokea. Anatumia tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, na Num Lock ilikuwa imezimwa. Tukaiwasha, akaingia, nikayafuta yaliyoandikwa kwenye Notepad.

Jumamosi

Mkurugenzi ameuliza kama tubadilishe nywila kila mwezi. Nimemjibu hapana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, bali pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mwaka 2019 Microsoft nayo iliondoa sharti la nywila kuisha muda kwenye mapendekezo yake ya usalama wa Windows. Anayelazimishwa kila mara huishia kuongeza tarakimu mwishoni mwa nywila ileile.

Sababu yetu ya wiki hii ilikuwa ya kweli, na kubadilisha kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni orodha, na sasa ipo ukutani: kila kompyuta, kila simu, skana, upande wa kupokea na upande wa kutuma. Nawe unayesoma, andika ya kwako kabla ya kugusa nywila. Siku ya kubadilisha, vizime vifaa vyote, kisha uwashe kimoja kimoja na kukihakiki kwa kupokea barua moja na kutuma moja. Kifaa usichokiandika ndicho kitakachowafungia wenzako.