Mwingereza Mmoja, Adabu Nne

Ubishi wenu wa kijiweni umenifikia huku Uingereza bila kuombewa viza. Hoja ya mjomba, kama nimeielewa, ni hii: kila Jumamosi mnamtazama Mwingereza kwenye luninga amekaa hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni, mbele yake hakuna uzio wala mtaro, mchezaji wa timu ngeni anakuja kurusha mpira karibu kabisa na pua yake, naye hamtupii hata ganda la karanga. Kwa hiyo, anasema mjomba, ustaarabu wa mashabiki wenzetu wamezaliwa nao na sisi tumenyimwa, na ushahidi ni viti zaidi ya 200 vilivyong'olewa pale uwanja wa Benjamin Mkapa Desemba 2024, siku Simba ilipocheza na CS Sfaxien. Mjomba, kwa heshima zote za umri wako na za kahawa unayotununulia, huyo uliyemwona ni Mwingereza wa kiti kimoja. Anavyo viti vingi, na kila akihama kiti anakuwa mtu mwingine. Nilivyowachunguza hawa watu, adabu haimo ndani ya mtu. Imo kwenye kiti, inamngoja aje akae.

Tuanze na tenisi ya Wimbledon, Julai. Watu hulala kwenye mahema bustanini ili wapate tiketi za siku hiyo hiyo, kila mmoja na kadi yake yenye namba, na kuna kijitabu cha kueleza namna ya kupanga foleni. Kijitabu, jamani, cha foleni. Ndani, uwanja mkubwa unachukua watu karibu 15,000, na wote hunyamaza mchezaji anapoanza kudundadunda mpira kabla ya kuupiga. Mwaka 2023 mwamuzi mmoja alilazimika kuwaomba watazamaji wasifungue chupa za shampeni wakati mchezaji yuko tayari kuanzisha. Hiyo ndiyo fujo ya Wimbledon: kizibo. Sasa mchukue mtu huyo huyo, msubiri hadi Desemba, mpeleke Alexandra Palace, kaskazini mwa London, kwenye mashindano ya dunia ya vishale. Amevaa kama ndizi, au kama mtawa, na mtawa huyo ana ndevu. Amesimama juu ya kiti, jagi la bia mkononi, anaimba nyimbo zisizohusiana kabisa na vishale, na mchezaji asiyempenda akisogea kulenga, anampigia mluzi. Gerwyn Price, Mwelisi aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2021, tarehe 1 Januari 2023 alirudi jukwaani amevaa vizuia-kelele vikubwa masikioni, vile vya mafundi wanaovunja barabara, na bado akafungwa seti 5 kwa 1 na Mjerumani Gabriel Clemens. Waandaaji hawakuona aibu, maana makelele hayo ndiyo bidhaa wanayouza. Kati ya Julai na Desemba damu ya Mwingereza haikubadilika hata tone.

Kwenye raga mambo ni tofauti tena. Twickenham huingia watu 82,000, wamechanganyika kama abiria wa daladala, wa timu hii bega kwa bega na wa timu ile, kila mtu na bia yake, na mechi ikiisha wanapeana mikono. Halafu njoo kwenye soka. Hapa sheria ya mwaka 1985 inasema ukinywa pombe mahali unapoweza kuona nyasi, umetenda kosa. Sheria hiyo haiwagusi wa raga, haiwagusi wa kriketi, na Wimbledon mtazamaji anaruhusiwa kuja na chupa yake ya mvinyo kutoka nyumbani. Yaani chupa moja, kwa mkono uleule: kusini magharibi mwa London ni mandari, kwenye soka ni kielelezo cha mahakamani. Na kuchanganyika ndiyo usithubutu. Mgeni aliyekata tiketi kwenye jukwaa la wenyeji hutolewa nje akionekana na jezi, na hata akiificha jezi, furaha yake inatosha kumponza. Timu yake ikifunga, anapaswa kuonekana kama mtu aliyetoka kupokea taarifa ya msiba. Akiinua mkono, au akitabasamu hata kwa jino moja, majirani watamwonyesha kidole, na msimamizi mwenye koti la kung'aa atamsindikiza hadi barabarani kwa usalama wake mwenyewe.

Najua mjomba atakachosema: hao si watu wamoja. Wa tenisi na kriketi ni waungwana waliosoma shule za bweni, wa soka ni watoto wa mtaani, basi kila mmoja anaonyesha malezi yake. Ingekuwa hoja nzuri kama kusingekuwa na tarehe 2 Julai 2023 kwenye uwanja wa Lord's. Wenye uwanja ule ni klabu ya kriketi ya Marylebone, iliyoanzishwa mwaka 1787, ambayo mtu akiomba uanachama leo anaweza kupewa akiwa na wajukuu. Wanachama hukaa kwenye ukumbi wenye picha za kuchorwa, koti na tai ni lazima, na wachezaji hupita katikati yao wakienda na kurudi uwanjani. Siku hiyo Jonny Bairstow wa Uingereza aliacha mstari wake akidhani mpira umekwisha, Alex Carey wa Australia akarusha mpira ukaangusha vijiti, na kwa kanuni za mchezo Bairstow akawa ametoka. Ni halali kabisa. Waaustralia walipopita ukumbini kwenda kula chakula cha mchana, waungwana wale wenye tai waliwaporomoshea maneno hadi Usman Khawaja na David Warner wakasimama kujibizana nao. Klabu iliomba radhi na kuwasimamisha wanachama watatu. Wiki moja baadaye, Wimbledon penyewe, umati ulimzomea Victoria Azarenka wa Belarus kwa kutopeana mkono na mpinzani wake, ilhali aliyekuwa ametangaza mapema kwamba hatapeana mkono na Warusi na Wabelarusi, kwa sababu ya vita, ni huyo mpinzani, Elina Svitolina wa Ukraine. Azarenka alikuwa ameheshimu msimamo wa mwenzake, akavuna mizomeo. Shule za bweni hazikusaidia.

Basi ni pombe, atasema mjomba, na hapa nampa nusu ya haki yake. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, bia ilipigwa marufuku kuzunguka viwanja siku mbili tu kabla ya mechi ya kwanza, na mashabiki wa Uingereza, ambao sifa zao zilikuwa zimewatangulia kila walikosafiri, walimaliza mashindano bila mmoja wao kukamatwa. Ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba zaidi ya watu elfu moja wenye rekodi ya fujo walitakiwa kusalimisha pasipoti zao kabla ya safari, kwa hiyo Qatar walifika waliochujwa. Pombe ingekuwa ndiyo sababu yote, Twickenham pangekuwa magofu. Bia ni petroli, haina ubishi. Lakini kila gari hapa linatembea na petroli na si yote yanayogonga watu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Wembley, maana pale vitu vyote vimesimama palepale isipokuwa kimoja. Tarehe 11 Julai 2021, fainali ya Kombe la Ulaya la wanaume, Uingereza na Italia. Mechi ilikuwa saa 2 usiku na watu walianza kunywa asubuhi. Katikati ya London bwana mmoja aliwasha fataki akaichomeka mahali ambapo barua inayosomwa mbele ya wakubwa haiwezi kupataja. Uchunguzi ulioongozwa na Louise Casey uligundua kwamba watu wapatao 2,000 wasio na tiketi waliingia uwanjani kwa nguvu, baadhi wakivamia milango iliyowekwa kwa ajili ya walemavu, na kwamba nusura watu wafe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 2022, uwanja uleule, chama kilekile cha soka, fainali ya Kombe la Ulaya tena, safari hii wanawake, Uingereza na Ujerumani. Waliingia watu 87,192, wengi kuliko wale wa mwaka uliotangulia, kwa sababu wakati ule kulikuwa na masharti ya korona. Chloe Kelly akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza, watu wakaimba wakarudi nyumbani. Milango ilibaki kwenye bawaba zake.

Mtasema, aa, lakini safari hii walikuwa akina mama na watoto. Ahsanteni, hapo ndipo nilipokuwa nawapeleka. Baba aliyekaa na binti yake wa miaka tisa, na kushoto kwake bibi wa mtu amebeba sandwichi, anaupima mdomo wake kabla haujafunguka. Si kwamba amekuwa malaika. Pengine alikuwemo kwenye zile vurugu za mwaka uliopita. Ila majirani zake wamebadilika, na mtu hulinda adabu yake mbele ya macho anayoyaonea haya. Ukimpanga na wanaume elfu tatu wa rika lake, wote wamelewa, wote wamevaa rangi moja, macho ya kuonea haya yanakwisha. Hilo ndilo jambo ambalo mtu wa luninga halioni, kwa sababu kamera inafuata mpira.

Na ule uzio mnaosifu kutokuwepo, ulikuwepo. Mjomba anautazama uwanja wa leo kama kwamba babu zao waliupokea hivyo. Miaka ya 1970 na 1980 mashabiki wa soka hapa walifungiwa nyuma ya vyuma, kwa hoja ileile mnayoitoa kijiweni: hawa ni watu wa fujo, watengenezewe kizimba. Tarehe 15 Aprili 1989, Hillsborough, mjini Sheffield, kwenye nusu fainali ya Liverpool na Nottingham Forest, umati uliruhusiwa kumiminika kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa, na vyuma vile viliwazuia watu kutoka. Walikufa watu 97. Polisi waliwasingizia marehemu ulevi na vurugu, na familia zilipigana kwa miaka 27, hadi mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Hapa sina mzaha. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilipendekeza viti kwa kila mtu katika viwanja vikubwa, na nyuzio zikang'olewa. Wengi waliapa kwamba uzio ukitoka tu, umati utamwagika uwanjani kila wiki. Haukumwagika. Aliyekaa kwenye kiti chenye namba, kamera inamwona na msimamizi anamjua, ana sababu nyingi za kujiheshimu kuliko aliyesimama kizimbani.

Wapo wanaodai kwamba siri ni bei: viti viliingia, tiketi zikapanda, maskini wakatoka, na adabu ikabaki na wenye fedha. Bei zimepanda kweli, na ni dhuluma ambayo watu wa huku wanailalamikia kila msimu. Lakini tangu 2016 tiketi ya shabiki msafiri katika Ligi Kuu haizidi paundi 30, na kona ya wasafiri ndiyo yenye kelele kuliko uwanja mzima. Wanaimba dakika 90, wanawauliza wenyeji kwa nyimbo kama wamelala, wanamtukana refa kwa sauti tatu kama kwaya. Kelele si utovu wa adabu. Yupo aliyekwenda kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 2023 na fulana ya kuwadhihaki marehemu wa Hillsborough, hakuhitaji kupiga kelele, na picha yake iliposambaa alifungiwa viwanja vya soka kwa miaka 4. Kila mtu, wa timu yake na wa timu nyingine, aliona mpaka umevukwa.

Na mpaka huo ninyi mnaujua kuliko Mwingereza. Kwenye kibanda umiza, chini ya feni moja isiyozunguka, shabiki wa Arsenal na wa Manchester United wanabanana kwenye benchi moja, wanatukanana mpaka ukoo, na filimbi ikilia mmoja anamkopesha mwenzake nauli. Wa Simba na wa Yanga wameoana, wamepangishana vyumba, wamezikana. Mwingereza wa soka huwezi kumkalisha hivyo bila askari. Kwa hiyo mjomba, vile viti vya Mkapa visitufanye tupime damu ya watu. Tuulize wageni walikalishwa wapi, nani alisimama kati yao na wenyeji, milango mingapi ilifunguliwa kwa watu 60,000, na kama namba iliyo kwenye tiketi ina maana yoyote ukishaingia.

Yule kijana wenu anayekuja huku Agosti kutazama mpira, mwambieni asinunue ile skafu yenye rangi za timu mbili, nusu kwa nusu. Wanaiuza nje ya kila uwanja, na shabiki wa kweli humtazama mwenye nayo kama mtu aliyekuja harusini na wapenzi wawili. Bia yake ainywe kule chini kwenye korido, aimalize kabla hajapanda ngazi zinazoonyesha nyasi. Tiketi niliyopata ni ya upande wa wenyeji, na timu yake ndiyo ngeni. Kwa hiyo mkiona kwenye luninga timu yake imefunga naye ameshika tama, msipige simu kuuliza kimempata nini.