Nusu Kilo ya Msamaha

Baba watoto ni bingwa wa kuomba radhi. Tunakaa Ruiru, nyuma ya Kamakis, karibu na pale Eastern Bypass inapokutana na barabara kuu ya Thika, ambapo moshi wa nyama choma hukuingia nguoni hata ukipita na matatu tu. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, na zamu yetu ni Ijumaa usiku. Kazi ya baba watoto ni moja: awashe pampu, tangi la juu lijae, azime.

Kuwasha, huwasha. Halafu hukumbuka kuna rafiki anamsubiri "dakika mbili". Dakika mbili za Kamakis mnazijua: mbuzi apimwe, achomwe, kachumbari ikatwe, na mpira bado haujaanza. Huku tangi linafurika, maji yanapenya dari, yanalowesha kochi, yanashuka kwa jirani wa chini.

Hurudi na nusu kilo ya mbavu kwenye foili. "Mama, nisamehe. Haki ya Mungu, hutaona tena." Sauti hutetemeka, na wala haigizi, majuto yake ni ya kweli kabisa, hadi Alhamisi. Kitinda mimba wetu akisikia tu "nisamehe" huenda kuchukua ndoo na kitambaa bila kutumwa.

Jirani huyo wa chini, mama wa Mombasa, ndiye aliyenipa kipimo. Kwao Waislamu, alisema, toba ina masharti: uliache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia, na ukimdhulumu mtu, umrudishie haki yake. "Mumeo, dada, kujuta anajua. Na zulia langu?"

Nikaona radhi zake ni kama Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa ulioanza 2019: zinamvusha leo, deni linabaki. Ila Fuliza hujikata yenyewe pesa zikiingia. Baba watoto hakatwi.

Fundi wa bomba akaniambia ipo swichi inayoelea tangini, huzima pampu maji yakifika juu. Bei yake haifiki kilo ya choma. Nikamweleza mwenzangu, akakubali macho yakimlengalenga, akaahidi kupitia dukani Ijumaa. Alipitia Kamakis.

Swichi nimeinunua mimi, na zulia la jirani nimelilipia kwa pesa za nyama za baba watoto. Mbavu za juzi tulikula. Msamaha sijatoa.