Bakapu Haisahau

Nakala rudufu, ambayo madukani huitwa bakapu, ni nakala ya faili inayowekwa pembeni ili kompyuta ikifa, kazi isife nayo. Katika duka moja la steshenari pale Kaniha, wilayani Biharamulo, wiki hii bakapu imefufua zaidi ya kazi. Mteja aliyepigwa picha ya pasipoti mwaka jana, jicho moja limefumba na mdomo wazi kama anayesubiri dawa ya minyoo, aliikuta sura hiyo mlangoni, imekuzwa ukurasa mzima wa A4, chini yake maneno: PICHA SAFI DAKIKA 5. Ilikuwa siku ya gulio.

Mwaka jana picha hiyo ilifutwa mbele ya macho yake. Lakini kompyuta haichomi faili. Inakwangua jina kwenye daftari lake na kuandika kwamba chumba ki wazi, ilhali mpangaji bado amelala ndani. Mara nyingi hatoki mpaka faili nyingine ije imlalie juu. Na hata akitoka, pacha wake yumo kwenye diski ya nje, ndani ya droo, chini ya gundi na stepla. Pacha huyo hakuisikia amri ya kufuta. Virusi vilipoiangusha kompyuta, alirudishwa pamoja na wenzake wote.

Jirani wa mteja huyo naye alirejesha bakapu ya WhatsApp kwenye simu mpya. Meseji za madeni zikarudi nayo.

Mteja alipolalamika kuhusu picha yake, mwenye duka alijibu: "Kaka, hiyo si bakapu tu?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haina hiyo "tu". Kwake, taarifa binafsi ni taarifa za mtu anayetambulika, zilizohifadhiwa kwa namna yoyote ile. Na sura ile, kwa bahati mbaya, gulio zima liliitambua. Uingereza, msimamizi wa sheria kama hiyo anakubali kwamba bakapu haifutiki papo hapo, ila anataka isiguswe kwa kazi nyingine wakati ikisubiri kufutika. Kutangaza biashara ni kazi nyingine.

Kicheko kinakatika kwenye droo ileile. Kwenye diski iliyomo mna barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), ambazo tarakimu zake 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Wenye nyaraka hizo walilipia kuchapishiwa, hawakuomba kuhifadhiwa, na droo haina kufuli.

Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha bado iko mlangoni.