Mgeni Wako Ana Filamu: Mwongozo kwa Mtangazaji wa Moshi

Itazame filamu kwanza. Kanuni hii ingefuatwa, zilizobaki zingekuwa nyepesi. Watangazaji wengi humkaribisha mwongozaji wa filamu studio wakiwa wameona bango tu, kisha saa nzima wanamlazimisha awasimulie wao kile walichotakiwa kumsimulia msikilizaji. Na msikilizaji yuko kijijini Kidia, Old Moshi, redio kaitundika kwenye tawi la mbuni, mikono yote miwili inachuma kahawa. Macho yake ni wewe. Usipomwambia ulichokiona, kwake filamu hiyo haijatengenezwa.

Pili, chukua maswali haya manne uyachome moto: “Tueleze historia yako kwa kifupi.” “Umekutana na changamoto gani?” “Una ujumbe gani kwa vijana?” “Mashabiki wakae mkao wa kula?” Ukiweza kumuuliza mbunge, mwimba kwaya na muuza magodoro swali lilelile, hilo si swali la filamu. Mgeni analijua jibu lake usingizini, na atakupa jibu la usingizini.

Mfano uko karibu sana na mnara wako. Februari 2024, tamasha la Berlin lilionyesha The Empty Grave, filamu ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner. Inafuata familia zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni: kina Mbano wa Songea na kina Kaaya wa Meru. Mtangazaji mvivu atasema ni filamu ya Songea na Meru, kisha aende kwenye matangazo ya biashara. Lakini Mangi Lobulu wa Meru, mzee wa kina Kaaya, alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, siku ileile Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi. Hadithi ya kina Kaaya inapita kwenye mgomba wa msikilizaji wako! Mwanzo wa kipindi ni hapo. Taja jina la Mzee Isaria Meli, mjukuu wa Mangi Meli aliyedai kwa miongo kadhaa kichwa cha babu yake kinachosemekana kupelekwa Ujerumani. Taja maonyesho ya Mangi Meli Remains ya Konradin Kunze na wenzake, yaliyotoka Berlin yakapandishwa hadi Old Moshi mwaka 2019. Ndipo umgeukie mgeni: “Mlipoingia kwenye nyumba yenye msiba wa zaidi ya miaka 120, kamera mliiweka wapi? Nani aliruhusu iwashwe? Kuna siku mliizima?” Kisha nyamaza. Akikaa kimya sekunde nne, mwache akae. Fundi mitambo akikukonyeza, tazama pembeni.

Tatu, jifunze kusimulia picha, na mwalimu wa kazi hiyo tunaye. Kapteni Derek Mukandala, Lufufu wa vibanda vya video, aliweka sauti yake juu ya filamu za nje akazileta kwa Kiswahili, akieleza nani ni nani na kwa nini ana hasira. Aliyekosa benchi akabaki nje ya kibanda bado aliambulia kisa. Fanya hivyo kwa tukio moja tu. Chumba kikoje, mwanga unaingia upande gani, mama ameshika nini, nani amesimama mlangoni bila kubisha hodi. Dakika mbili zinatosha. Baada ya hapo cheza kipande cha sauti ya filamu yenyewe, na maiki yako iwe imefungwa. Kusema “ebu sikia hapo, sikia hapo” juu ya sauti ya mwigizaji ni kumpokonya mtu wa Kidia kitu pekee alichopewa.

Matamasha yaeleze, usiyakariri. Vuta N’Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Vizuri sana, lakini msikilizaji anataka kujua huko Toronto nani alikaa na kuitazama, na aliyetoka ukumbini alikuwa anauliza nini. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, linafanyika tangu 1998, na kutoka Moshi ni basi hadi Dar halafu boti. Kwa hiyo kabla hujaingia hewani uwe na jibu la swali ambalo kila mtu analo: tutaiona wapi, lini, kwa shilingi ngapi? Kama haijapangiwa Moshi, muulize mgeni hewani kwa nini. Muulize kama ukumbi wa usharika, projekta ya kuazima na shuka jeupe vingemtosha. Wengi watakubali palepale, na huo ni ushindi mkubwa kuliko shada lolote lililochorwa kwenye bango.

Simu zifunguliwe mapema, si dakika tatu za mwisho. Mzee akipiga kutoka kijiji cha Tsuduni, mwamkie: “Shikamoo babu.” Usimkatize kwa “kwa ufupi tafadhali, muda umetutupa mkono.” Akianza kueleza alivyosimuliwa na baba yake habari za Meli, msogezee mgeni karatasi na kalamu aandike. Tangazo la bati litasubiri.